Kisomo Kianzie Penye Mizani ya Kahawa



Liko neno moja ambalo kila mkulima wa kahawa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa analijua bila kufundishwa darasani. Neno hilo ni butura. Maana yake ni kuuza kahawa ingali mtini. Mkulima hupatwa na shida katika miezi ambayo hakuna fedha nyumbani: mahitaji ya shule ya mtoto, maradhi, msiba, au paa lililoezuliwa na upepo. Humwendea mwenye fedha, naye humpa kiasi fulani kwa sharti kwamba mavuno yakifika, magunia kadhaa ya kahawa ya maganda yatakuwa mali ya mkopeshaji. Bei hupangwa siku ya shida, si siku ya mavuno. Na bei ipangwayo siku ya shida haiwezi kuwa bei ya haki.

Viongozi wa mkoa wa Kagera wameipiga marufuku butura mara nyingi. Wameikemea mikutanoni na kuagiza wanaoiendesha wachukuliwe hatua. Hata hivyo butura haijafa. Haijafa kwa sababu shida iliyoizaa ingalipo, na pia kwa sababu mapatano yake hufanywa faraghani, aghalabu baina ya mtu ajuaye hesabu na mtu asiyeijua, au aliyeijua zamani akaisahau. Marufuku humkataza mkulima, lakini haimpi uwezo wa kukataa mwenyewe. Tofauti iliyopo baina ya kukatazwa na kuweza kukataa ndiyo kazi ya elimu ya watu wazima, na ndiyo kiini cha mazungumzo haya.

Tanzania haianzi leo kazi hiyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: watoto walioko shuleni watalijenga Taifa baada ya miaka mingi, lakini watu wazima ndio wanaolima, wanaolea na wanaoamua mambo ya vijiji sasa hivi; wao wasipoelimishwa, nchi itangoja kizazi kizima. Hata kabla ya hapo, mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanza katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baada ya Vita vya Kagera ulibadilishwa jina mwaka 1979 ukawa Kagera, ulikuwa mmojawapo. Vitabu vya mradi huo havikuanza na irabu zinazoning'inia hewani. Vilianza na pamba kwa wakulima wa pamba, uvuvi kwa wavuvi, ng'ombe kwa wafugaji, na ndizi kwa watu wa migombani. Mtu alijifunza herufi ndani ya kazi yake.

Matunda yalionekana. Kwa takwimu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wamepungua hadi asilimia 39, na ule wa mwaka 1986 hadi asilimia 9.6. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadiliana na kisha kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Ili waliojua kusoma wapate la kusoma, gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho lilianza kuchapishwa Mwanza mwaka 1974. Jina hilo lilikuwa somo tosha.

Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba katika kila watu wazima kumi, zaidi ya wawili hawajui kusoma na kuandika. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mafanikio yale yalikwenda wapi? Sehemu ya jibu ni watoto waliokosa shule katika miaka migumu ya uchumi, wakakua bila kisomo. Sehemu ya pili ni magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji zilizokosa karatasi na matunzo. Lakini sehemu kubwa ni kwamba, kwa wengi, kusoma hakukupata kazi baada ya mtihani. Mtu alifaulu hatua ya nne, akapewa cheti, akakitia sandukuni, akarudi shambani ambako hakuna mtu aliyempa karatasi ya kusoma isipokuwa ile ya kutia dole gumba. Jembe lisilolimiwa hushikwa na kutu. Na herufi zisizotumiwa nazo huondoka kimya kimya, moja baada ya nyingine.

Ipo pia sababu ambayo haitajwi sana katika taarifa za ofisi, nayo ni ya lugha na desturi. Darasa la kisomo liliendeshwa kwa Kiswahili, lugha ya Taifa, na hilo lilikuwa sahihi kwa umoja wa nchi. Lakini mzee wa Bweranyange au bibi wa Kaisho, aliyelelewa, kuolewa na kuzika kwa Kinyambo, alipewa mizigo miwili kwa wakati mmoja: kujifunza kuandika, na kujifunza lugha anayoandikia. Asipojibu swali, mwalimu aliandika kwamba haelewi. Yumkini alielewa, ila jibu lilikuwa bado liko kwa Kinyambo. Zaidi ya hayo, mbele yake alisimama kijana wa rika la mjukuu wake, pengine aliyehamishiwa hapo kutoka Ruvuma au Kilimanjaro, akimwita kwa jina tupu kama mtoto wa darasa la pili. Mtu mzima haogopi ugumu wa somo, huogopa aibu. Akiaibishwa mara moja, kesho yake ana mgonjwa wa kumtazama, na keshokutwa ana shamba la kupalilia.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa nchi hii ni wagumu kupokea mambo ya wageni. Karagwe ni njia panda tangu zamani. Mfalme Rumanyika alimpokea Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1861, wakati ambapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro. Kaskazini, ng'ambo ya mto Kagera, wapo Wanyankore wa Uganda ambao lugha yao na Kinyambo ni ndugu wa karibu. Mtu wa Murongo na mtu wa Kikagati huelewana bila mkalimani. Magharibi ni Rwanda, na mwaka 1994 wakimbizi kwa maelfu mengi kutoka huko waliingia Karagwe na Ngara wakakaa hadi mwaka 1996. Watu walioishi njia panda kwa muda wote huo hawana hofu ya jambo jipya. Walilo nalo ni mazoea ya kulipima. Mgeni hupewa kiti, husikilizwa, kisha maneno yake hujadiliwa akishaondoka. Mwalimu asiyejua desturi hiyo hudhani amekubaliwa siku ya kwanza, na hudhani amekataliwa siku ya tatu. Kumbe siku zote mbili alikuwa anapimwa.

Ndugu walimu, jambo hili la mtu mzima kugeuka kwa njia ya elimu limechunguzwa katika nchi nyingi, na yafaa kutazama walikopita wengine. Denmark, shule ya kwanza ya watu wazima ya mtindo ulioenezwa na Mchungaji Grundtvig ilifunguliwa mwaka 1844 katika mji wa Rødding. Wakulima walikwenda kukaa pamoja, kujadili historia yao, lugha yao na kazi zao, bila mtihani wa mwisho. Mtindo huo ulienea Sweden, na kutoka huko ukaifikia Tanzania: kuanzia mwaka 1975 Serikali, ikisaidiwa na Sweden, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo baadaye vilizidi 50. Brazil, Paulo Freire aliwafundisha maskini kusoma kwa kuanzia na maneno ya maisha yao wenyewe, na baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1964 alifungwa, kisha akaenda uhamishoni. Watawala wale walitambua kwamba mkulima asomaye neno "ardhi" huanza kuuliza ardhi ni ya nani.

Marekani, mtaalamu Jack Mezirow alieleza mwaka 1978, baada ya kuwachunguza wanawake waliorudi masomoni ukubwani, kwamba mtu mzima hugeuka pale anapokutana na jambo ambalo fikra zake za zamani haziwezi kulieleza. Hapo hutikisika, hujihoji, hushauriana na wengine, kisha hupata mtazamo mpya. Maelezo hayo yalisifiwa sana. Lakini mwaka 2008 Sharan Merriam na mwenzake Gabo Ntseane wa Chuo Kikuu cha Botswana walichapisha uchunguzi walioufanya Botswana. Waliona kwamba huko mabadiliko ya mtu hayakuwa kazi ya nafsi peke yake. Imani, wajibu kwa jamaa na jumuiya, na nafasi ya mwanamume na mwanamke katika desturi ndivyo vilivyoamua jinsi mtu anavyogeuka na kufikia wapi.

Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa jambo hilo la Botswana si geni. Hapa mtu hachimbi kaburi peke yake, hajengi nyumba peke yake, wala haozi binti peke yake. Iweje ategemewe kugeuka peke yake? Mkulima mmoja akielimishwa akaamua kwamba hatauza tena kahawa mtini, kesho yake mtoto akiugua atakwenda wapi? Atarudi kwa yule yule mkopeshaji, safari hii kwa kunyenyekea zaidi, kwa kuwa alikwisha kujigamba. Wakulima ishirini wa mtaa mmoja wakiamua jambo hilo pamoja, wakaweka akiba pamoja, uamuzi huo una miguu ya kusimamia.

Hili limeonekana kwa akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo watu wamezoea kuviita vikoba. Kikundi hukutana kila wiki, wanachama hununua hisa, hesabu hutajwa mbele ya wote, na kila mmoja ana kitabu chake. Mwanamke aliyelikimbia darasa la kisomo kwa aibu huketi hapo bila aibu, kwa sababu haitwi mwanafunzi; anaitwa mwanachama. Huanza kwa kuitambua namba ya kitabu chake, kisha hulitambua jina lake, kisha hukagua kama mhuri wa hisa umegongwa sawasawa. Siku anapoinua mkono na kusema kwamba hesabu iliyosomwa haiafikiani na iliyomo kitabuni mwake, hapo elimu ya watu wazima imefanya kazi yake, hata kama hakuna mkaguzi aliyekuja kuandika taarifa.

Hali kadhalika katika mambo ya ardhi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliamua katika shauri lililotoka mkoani Kagera kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo anayo haki ya kuliuza kama mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikaweka wazi haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi. Maandishi hayo ni mazuri. Lakini haki iliyoandikwa, kwa mtu asiyesoma, ni sawa na chakula kilichofungiwa ghalani ilhali ufunguo uko mfukoni mwa mwingine. Na haki isiyozungumzwa katika baraza la ukoo, kwa lugha ya ukoo, huishia mahakamani tu. Mila haivunjwi na tangazo la mgeni. Hubadilika pale wenye mila wanapoijadili wakiwa na habari kamili mkononi.

Basi lifanyike nini? Mahali pa kuanzia papo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990, huwahudumia wakulima wa wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Chini yake vipo vyama vya msingi, na kila chama kina mizani, karani, daftari na stakabadhi. Msimu wa mavuno wakulima hukusanyika hapo wenyewe, bila kuitwa na tarumbeta wala barua ya Afisa Elimu. Hapo ndipo darasa lilipo. Mizani ni ubao, stakabadhi ni kitabu cha kiada, na bei ya siku ni hesabu ya siku.

Somo la kwanza liwe lile lile la butura, kwa tarakimu za mfano. Mkulima anakopa shilingi 60,000 mwezi Februari, akiahidi gunia la kilo 60. Mwezi Julai bei ya kilo ni shilingi 3,000. Gunia hilo lina thamani ya shilingi 180,000. Kwa hiyo mkulima amelipa shilingi 120,000 juu ya mkopo wake, yaani mara mbili ya fedha alizopewa, kwa muda wa miezi mitano. Lau angekopa katika kikundi kinachotoza hata asilimia 10 kwa mwezi bila kulimbikiza riba, riba ambayo si ndogo, angelipa juu ya mkopo shilingi 30,000 tu. Hesabu hiyo haihitaji mtu aliyemaliza sekondari. Inahitaji kuzidisha, kutoa, na ujasiri wa kuifanya kabla ya kupokea fedha. Mkulima aliyeifanya kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jirani zake, hahitaji kuhutubiwa juu ya ubaya wa butura.

Somo la pili liwe kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi: stakabadhi ya mauzo, mkataba wa mkopo, muhtasari wa mkutano wa mwaka, sheria ndogo za kijiji. Somo la tatu liwe kuandika: barua ya kulalamikia upungufu wa uzito, ombi la kupima shamba, maelezo ya maneno aliyoyasema mwenyewe mkutanoni. Masomo yaelezwe kwanza kwa lugha ambayo watu huitumia nyumbani, kisha yaandikwe kwa Kiswahili. Kufanya hivyo si kuidharau lugha ya Taifa. Ni kuijengea daraja ili ifikiwe. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine amshirikishe mzee au mama wa pale pale awe msaidizi wake, na yeye mwenyewe akubali kufundishwa maamkizi, mifano na misemo ya mahali. Wanafunzi wakiona kwamba mwalimu naye anajifunza, aibu ya kujifunza huondoka. Redio za jamii, kama FADECO ya Karagwe, zaweza kufanya kazi ambayo Mtu ni Afya iliifanya: kutoa somo moja kwa wiki, na vikundi vikajadili.

Wapo watakaosema kwamba walimu wana kazi nyingi mno, na kwamba fungu la elimu ya watu wazima ni dogo. Yote mawili ni kweli. Lakini darasa la mizanini halihitaji jengo wala madawati. Linahitaji saa mbili kwa wiki, katika miezi ya mavuno na ile ya kabla yake ambayo ndiyo miezi ya kukopa, pamoja na maelewano baina ya Afisa Ushirika, Afisa Maendeleo ya Jamii na Mwalimu Mkuu, ambao mara nyingi ofisi zao zimekaribiana kuliko taarifa zao. Wapo pia watakaosema kwamba mkulima akijua hesabu ataendelea kukopa, kwa kuwa shida haijui hesabu. Hilo nalo ni kweli kwa nusu. Ndiyo maana kisomo hakina budi kwenda pamoja na kikundi cha akiba. Kisomo bila akiba humfanya mtu aone dhuluma asiyoweza kuikwepa, na akiba bila kisomo humwachia mweka hazina peke yake siri ya fedha za wote.

Liko na jambo moja zito, nalo lawahusu wasomaji wa ukurasa huu. Kijijini mtu mwenye mshahara ndiye mwenye fedha taslimu katika mwezi ambao wengine hawana. Kwa hiyo ndiye anayefuatwa kwanza. Ikiwa mtumishi atasimama mchana kuwafundisha watu kuhesabu, na jioni akapokea ahadi ya magunia kwa nusu ya bei, wanafunzi wake watajifunza somo la jioni, si la mchana. Elimu ya watu wazima hufundishwa kwa mwenendo kabla ya kufundishwa kwa chaki, maana mtu mzima hutazama sana kabla ya kuamini.

Mwaka 1976, katika mkutano wa dunia wa elimu ya watu wazima uliofanyika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kazi ya kwanza ya elimu hiyo ni kuamsha katika watu hamu ya mabadiliko na kuwaonyesha kwamba mabadiliko yanawezekana. Maneno hayo hayajachakaa. Mkulima wa Nkwenda au Nyakahanga hahitaji kuambiwa kwamba maisha yake ni magumu. Analijua hilo kuliko yeyote atakayetumwa kumwambia. Wala hahitaji kuvuliwa desturi zake ili avikwe za mwingine. Anachohitaji ni uwezo wa kusoma kilichoandikwa juu ya mali yake, wenzake wa kushauriana nao, na mahali pa kupata shilingi elfu sitini katika mwezi wa Februari.

Kwa hiyo Halmashauri zitakapoandaa taarifa za elimu ya watu wazima, zisihesabu madarasa na vyeti peke yake. Zihesabu pia ni vyama vya msingi vingapi ambavyo wanachama wake wamesoma daftari la mizani wenyewe, ni vikundi vingapi vimewakopesha wanachama kabla ya mavuno, na ni wakulima wangapi walioletewa karatasi ya butura wakaisoma hadi mwisho, wakapiga hesabu, wakamrudishia mwenyewe bila kutia dole.